Kata kwa Urefu

Kazi yangu ni kuyeyusha unga mweusi na kuugandisha tena polepole mpaka uwe fuwele moja. Nimeifanya miaka thelathini na moja. Nikiulizwa harusini nafanya kazi gani, hujibu kwamba naoka mawe. Watu hucheka, mazungumzo huisha, nami hula chakula changu kwa amani. Mwisho wa mwaka huu nastaafu. Mgongo wangu ulishastaafu zamani bila kuniaga.

Tanuri langu lina taa nne na vioo vinne vilivyopinda, vyote vikitazama nukta moja. Kwenye nukta hiyo vijiti viwili vya unga ulioshindiliwa hukutana ncha kwa ncha, na katikati yao linaning'inia tone la moto, kubwa kama harage. Kulishusha tone hilo ndiyo kazi yenyewe, milimita chache kwa saa, na kila linapopita linaacha fuwele nyuma yake. Ukienda haraka, linaanguka. Ukizidisha moto, linaanguka. Ukipiga chafya karibu nalo sijui, sijawahi kuthubutu. Kwa hiyo mtu hukaa mbele ya skrini siku mbili na nusu akilitazama, na macho yakimuuma anaendelea kutazama.

Fuwele zangu huchukuliwa na watu wa ghorofa ya chini, chumba cha sumaku. Mmoja wao ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Nyumbani tunamwita Sisimizi, kwa sababu ni mdogo wa umbo na hajui kukaa kitako. Tangu mama yake afariki anaishi kwangu, chumba cha uani, na kwa miaka sita ameandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya jiwe moja nililolioka mimi. Jiwe hilo halizidi punje ya mchele.

Aliwahi kunieleza anachokitafuta, tukiwa tunaosha vyombo. Ndani ya jiwe, alisema, atomi za titani zimepangwa safu kwa safu kama viti vya ukumbini. Kila atomi ina elektroni moja ya ziada, na wingu la elektroni hiyo si duara. Ni refu upande huu, jembamba upande ule. Jiwe likipoa mno, mawingu hayo hujipanga. Pengine yote hulala upande mmoja, pengine hupishana, huyu hivi na jirani yake vile. Huo ndio mpangilio wa obitali, nao ndio unaoamua jiwe litakuwa sumaku ya namna gani. Mawingu hayaonekani hata ukiyakodolea macho. Ila katikati ya kila atomi kuna kiini, na baadhi ya viini ni visumaku vidogo. Ukikiweka kiini cha namna hiyo ndani ya sumaku kubwa na kukigonga kwa mawimbi ya redio, kinalia, na sauti yake inapanda au kushuka kufuatana na wingu lililokizunguka limelala vipi. Mashine ile ni ndugu wa ile ya hospitali inayopiga picha za ubongo. Mgonjwa wetu tu ndiye tofauti, maana halalamiki.

Basi Sisimizi alilizungusha jiwe ndani ya sumaku, digrii tano, digrii tano, mwaka baada ya mwaka, na kwenye skrini yake vikatokea vilele viwili. Akizungusha, vinaachana, akizungusha zaidi, vinakutana tena. Vilele viwili maana yake mawingu yanalala kwa namna mbili, yanapishana. Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya nne ya tasnifu, na bila sura ya nne kilichobaki ni utangulizi na shukrani.

Jumatatu ilikuja barua ya mtahini wa nje. Sisimizi aliisoma mezani, chai ikipoa, akiwa na nguo za kazini tayari.

"Mjomba, hebu sikiliza hili. Swali la saba. Anauliza kwa nini kilele cha kushoto ni kirefu kuliko cha kulia."

"Si aangalie sura yenyewe."

"Ameiangalia. Ndiyo maana anauliza. Kama mawingu yanapishana, basi nusu kwa nusu, vilele vilingane. Vyangu ni sitini kwa arobaini." Alikunja barua. "Anasema ama kuna kitu sijakielewa, ama jiwe si moja. Ni mawe mawili yameshikana, kila moja linatazama kwake na kila moja linatoa kilele chake."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nimechelewa basi," akasema, akachukua mkoba akaondoka.

Chuo kimoja kilikuwa kimempa nafasi ya uhadhiri kwa sharti kwamba shahada iwe mkononi kabla ya mwisho wa mwezi. Majibu ya maswali ya mtahini yalitakiwa Ijumaa. Akijibu vizuri, anapita. Akishindwa lile la saba, miaka sita imekwenda na maji. Nilibaki mezani nikitazama chai yangu, na sikuweza kuinywa, kwa sababu jibu la swali la saba nililihisi tangu siku jiwe lilipozaliwa.

Niseme nililofanya, nisizunguke. Jiwe lile nililioka wiki ambayo dada yangu alikuwa amelazwa. Jumapili mpaka Jumanne nilikesha kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda chake, na Jumatano nikawasha tanuri, maana foleni ya tanuri haijui mgonjwa wako. Mwenzangu wa zamu alikuwa likizo. Ukishaliwasha huwezi kuliacha. Siku ya pili, saa nane mchana, jua likiwa limejaa chumbani, nilisema nifumbe macho kidogo tu. Nilifumbua saa tisa na dakika kumi, shavu likiwa juu ya kibodi.

Tone lilikuwa bado linaning'inia. Lakini kijiti kilikuwa kimepata kiuno, pale tone lilipovimba kisha likajikaza, na taa zilikuwa chini kwa alama mbili kuliko nilivyoziacha. Nilijiambia nimezishusha mwenyewe kwa usingizi. Mtu aliyechoka hufanya mambo asiyoyakumbuka. Kwenye daftari la tanuri nikaandika: *Hakuna tatizo. Fuwele safi.* Kijiti kilipopoa kilipasuka chote isipokuwa kipande kimoja, kilichoanzia palepale kwenye kiuno. Nilikipiga eksirei upande mmoja, nukta zikatoka safi, nikakishusha chini. Upande wa pili sikuupiga. Ningekuwa na mtu wa kuniuliza, ningemwambia mashine ina foleni. Dada alifariki siku tisa baadaye, na mimi sikulifungua tena lile daftari.

Jumanne nilimwomba Sisimizi jiwe, nikamwambia nataka kuliondolea gundi ya zamani. Nikalipiga eksirei kila upande, hatua kwa hatua, mlango nimeufunga kama mwizi. Upande wa kulia kila nukta ilikuwa na mwenzake pembeni. Mawe mawili, yameshikana mgongo kwa mgongo, na mpaka wao unakwenda kwa urefu wa jiwe zima, kama mshono wa suruali. Nikapima. Upande mkubwa ulikuwa sitini, mdogo arobaini. Picha zile nilizikunja nikazitia mfukoni, na jioni tulipokula sikumwambia kitu. Nilijionea aibu, nikala hivyohivyo.

Jumatano Profesa wake alipiga simu kutoka kwenye kiwanja cha ndege. Profesa huyo siku zote yuko kwenye kiwanja cha ndege. "Likateni," alisema, sauti imechoka kuliko zetu. "Pimeni nusu. Kama ni mawe mawili, nusu itatoa kilele kimoja. Ikitoa vyote viwili, ni tabia ya jiwe, tofauti ya urefu ni kasoro ya waya wa koili. Mwandikieni hivyo, mambo yaishe."

Na hapo ndipo shetani alipovuta kiti akakaa nami. Kwa sababu Profesa hakusema tulikate vipi. Kukata ni kazi yangu, na katika jengo lile hakuna mwingine anayeweza kulikata jiwe dogo vile bila kulivunja. Nikilikata kwa urefu, kwenye mshono, kila nusu itakuwa jiwe moja na itatoa kilele kimoja. Nikilikata kwa upana, kama mtu anayekata muhogo, kila nusu itabaki na mawe yote mawili, sitini kwa arobaini vilevile, na vilele viwili vitasimama kama kawaida yao. Mtahini ataridhika. Sisimizi atakuwa mhadhiri. Mimi nitastaafu na daftari safi. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na mpwa wa mwaka wa sita.

Alhamisi asubuhi nililigandisha jiwe kwa nta juu ya kibao cha msumeno. Msumeno wetu ni waya mwembamba kama unywele, umepakwa vumbi la almasi, na unakata polepole hata ukanywa chai mbili hujafika katikati. Nilililaza jiwe kwa upana. Nilikuwa nimeamua usiku kucha na kuamua kumenichosha. Nilichotaka ni waya uanze, kisiwepo tena cha kuamua.

Sisimizi akaingia. Hakunisalimu, akainamia hadubini, akatazama muda mrefu.

"Mjomba, umelilaza vibaya."

"Nimelilaza vizuri. Upande huu ni mfupi, mkato unakuwa mfupi, halitapasuka. Nani fundi hapa?"

"Wewe."

"Basi."

Hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa karibu na swichi ya msumeno, mkono wake juu ya meza.

"Geuza," akasema. "Kata kwa urefu."

"Nani kakwambia habari za urefu?"

"Mshono unakwenda kwa urefu, kama fuwele ilivyokua. Umeanzia kwenye kiuno."

Nikajifanya natafuta kibano. "Kiuno kipi?"

"Mjomba. Nilikuwepo."

Nilikaa. Hakukuwa na kiti kingine, nikakaa juu ya boksi la glavu, likabonyea chini yangu, na hakuna aliyecheka.

Alinieleza akitazama meza. Siku ile aliingia chumba cha tanuri akanikuta nimelala. Kwenye skrini tone lilikuwa limevimba, linataka kudondoka. Alikuwa mwanafunzi wa mwezi wa pili, lakini nilishamfundisha kwamba tone likivimba unapunguza taa. Akapunguza alama moja. Halikutulia. Akapunguza ya pili. Likatulia. Akasimama nyuma yangu karibu saa nzima akililinda, na alipoona naanza kujigeuza akatoka kwa ncha za vidole.

"Kwa hiyo ulijua miaka yote sita," nikasema.

"Nilijua jiwe lilitikisika. Kwamba limekuwa mawili, sikujua. Nilifungua daftari nikakuta umeandika safi. Nikasema, mjomba amelikagua. Mjomba hasemi uongo."

Maneno hayo yalinichoma, nami nilistahili.

"Halafu vilele vikatokea," akaendelea. "Viwili, vizuri, kila mtu anavipenda. Nikaacha kuuliza. Lakini kila nilipokwenda kuwasilisha matokeo, nilikuwa namwomba Mungu asisimame mtu. Wiki hii nimeona umelichukua jiwe, umerudi hunitazami usoni. Nikajua umeshaona."

"Ukikata kwa urefu shahada inaondoka. Nafasi ya chuo inaondoka."

"Najua kinachoondoka."

"Mimi ndiye niliyelala. Nitamwandikia mtahini mwenyewe, kosa ni la fundi. Wewe acha nikate ninavyojua, upite, halafu baadaye—"

"Baadaye lini? Nikiwa nawafundisha watoto wa watu sura ya nne?" Hakupandisha sauti. "Kata, mjomba. Nimechoka."

Alilisema hilo kama mtu anayeomba chumvi mezani. Nikawasha moto mdogo chini ya kibao, nta ikalainika, nikaligeuza jiwe kwa kibano mpaka waya ukatazamana na mshono. Nilijua mshono ulipo bila kutoa picha mfukoni. Nikazitoa hata hivyo, nikaziweka mbele yake, akazitazama moja moja, akatikisa kichwa, akabonyeza swichi mwenyewe.

Mkato ulichukua saa moja na dakika arobaini. Katikati yake aliniuliza kama nimekula, nami nikamwambia bado. Jiwe liliachana bila kupasuka, nusu mbili, moja imeizidi nyingine kidogo. Kwa kazi ya mkono, sijakata vizuri kuliko hivyo maishani mwangu, na sikupata raha yoyote.

Ijumaa asubuhi aliifunga ile nusu kubwa ndani ya koili, kizingo cha waya kinachokisikiliza kiini, na kuishusha kwenye sumaku. Kuipoza kunachukua karibu mchana mzima. Heliamu ya kupozea iliingia ikivuma, mirija ikajaa barafu nyeupe, na sisi tukakaa kwenye viti viwili vya magurudumu tukitazama namba za joto zikishuka. Alikuwa ameipanga pembe ya digrii arobaini, pale ambapo miaka yote vilele vilikuwa vinaachana kabisa. Kama vipo viwili, hapo ndipo visipoweza kujificha.

Saa tisa alasiri alianza kupima. Kiini kinalia kwa sauti ndogo mno, kwa hiyo mashine husikiliza mara elfu nyingi na kujumlisha. Mwanzoni skrini ilikuwa na manyasi tu. Baada ya dakika kumi kukawa na kilima upande wa kushoto. Baada ya ishirini kilikuwa kilele. Upande wa kulia niliutazama mpaka macho yakaniwasha. Nilitazama kama nilivyopaswa kutazama mchana ule wa tanuri. Manyasi yakazidi kulala, yakawa mstari, na upande wa kulia hapakuwa na kitu.

"Kimoja," akasema.

"Zungusha."

"Mjomba."

"Zungusha, mama. Labda pembe imekosewa."

Alizungusha kwa ajili yangu. Digrii tano, digrii tano, mara sita. Kilele kilihama huku na huku, kimoja, kirefu, chembamba, kisicho na doa. Ndiyo ilikuwa fuwele safi kuliko zote nilizowahi kuoka, hiyo nusu yake. Mawingu yote yalikuwa yanalala upande mmoja. Hayakuwa yanapishana, na hayakuwahi kupishana hata siku moja katika ile miaka sita.

Alihifadhi data, akaipa jina na tarehe kama siku nyingine yoyote. Kisha akafungua barua ya mtahini na kuanza kujibu maswali kwa mpangilio, la kwanza, la pili, la tatu, majibu mafupi. Alipofika la saba alisoma kwa sauti alichokuwa anaandika, pengine ili nisikie, pengine kwa mazoea.

"Vilele havilingani kwa sababu sampuli ilikuwa fuwele mbili zilizoshikana. Baada ya kuitenganisha, kilele ni kimoja. Dai la sura ya nne si sahihi na naliondoa."

Kisha akaongeza kwamba hitilafu ilitokea wakati wa ukuzaji wa fuwele, kwamba yeye mwenyewe aliishuhudia, na kwamba hakuiripoti. Kuhusu mimi hakuandika neno.

"Andika na jina langu," nikasema.

"Daftari ni lako. Utaandika mwenyewe."

Nilikuwa nimelileta. Nilitoa kalamu, na chini ya ile *Fuwele safi* ya miaka sita nikaandika nililala kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, nikatia sahihi na tarehe ya leo. Mwandiko ulitoka wa mzee. Nikamsogezea asome, akasoma, akanirudishia.

"Ungeniamsha tu," nikamwambia. Sikuweza kulizuia. "Siku ile. Ungenimwagia maji, ungenipiga hata kofi. Ningeanza kijiti kingine, wiki moja tu, leo ungekuwa mhadhiri. Kwa nini hukuniamsha, mwanangu?"

Aliendelea kuandika kidogo, akamaliza sentensi, akaweka nukta.

"Mama ndiye aliyenituma," akasema bila kugeuka. "Alikuwa hawezi hata kuinua kichwa. Akaniambia, nenda kamwangalie kaka yangu, hajalala tangu Jumapili. Ukimkuta amelala, usimwamshe."

Nililia pale kwenye kiti cha magurudumu, mtu mzima, daftari likiwa mapajani. Sisimizi aliisoma barua mara moja zaidi kutoka juu mpaka chini, akasahihisha neno moja, akaituma.